Jozi Mbili Nje ya Mawe Meupe

Mai Chenge anasema aliviona kwa macho yake mwenyewe. Aliamka alfajiri kwenda kuokota matunda ya mazhanje yaliyoanguka porini, kabla watoto wa watu hawajayamaliza, akapita chini ya kilima ambako mume wangu huenda kuomba. Pale nje ya duara la mawe meupe, anasema, palikuwa na makubazi ya Baba Tariro, na ubavuni mwake viatu vya kike. Vidogo. Vimepangwa vizuri, vinagusana.

"Vinagusana vipi?" nikamuuliza.

"Vinagusana tu." Alikuwa anafyonza tunda, akatema mbegu. "Mimi sijasema mtu, Mai Tariro. Nimesema viatu."

"Na mwenye viatu?"

"Nilikuwa na ndoo kichwani, mwenzangu, ningepanda mlima na ndoo? Lakini viatu havipandi vyenyewe."

Akaniachia mazhanje sita, akaenda zake. Sikula hata moja.

Ilikuwa miezi mitatu sasa Baba Tariro anaondoka nyumbani kabla ya jua. Sisi ni watu wa kanisa la kanzu nyeupe, tunaabudu nje, na tunaomba kwa sauti. Mzee wa kanisa alisimama Jumamosi moja akawaambia wanaume kwamba wamempigia Mungu kelele miaka yote bila kumpa nafasi ya kujibu. Kila mmoja atafute saa moja ya siku, anyamaze, asikilize. Wengi walikwenda wiki moja wakaacha. Wangu alishika. Alikuwa akirudi anakunywa chai, anakula viazi vitamu, anachukua jembe. Nikimwambia kuku mwekundu ameanza kutaga, "Ehe." Nikimwambia Tariro amekohoa usiku kucha, "Ehe." Siku moja nilimwambia ng'ombe wetu ameolewa Harare. "Ehe," akasema, akapuliza chai yake.

Nilikuwa nimevumilia. Mungu akikuchukulia mume wako utakwenda kumshtaki kwa nani? Lakini mwanamke mwenye miguu midogo, huyo nilijua pa kumpata.

Jumamosi nilikwenda kanisani kutazama miguu. Wote tunavua viatu kabla ya kuingia mahali pa ibada, kwa hiyo hakuna anayeweza kuficha wake. Wenzangu walipofumba macho, mimi nilikuwa nahesabu nyayo. Zangu zenyewe zilikuwa zimepanuka tangu nilipobeba mimba ya Tariro, na visigino vimepasuka. Mguu mdogo kuliko yote ulikuwa wa Eneresi, binti anayeanzisha nyimbo, ambaye sauti yake ikipanda wanaume husahau kukohoa. Nyayo zake laini, utadhani anatembea juu ya mkeka. Nikamtazama Baba Tariro kule upande wa wanaume. Hakumwangalia Eneresi hata mara moja, na hilo ndilo lililoniumiza. Hamwangalii, nikajiambia, kwa sababu amemwona asubuhi.

Tulipotoka nilimsogelea yule binti.

"Una miguu mizuri, dada."

"Asante, Mai Tariro! Umeiona leo?"

"Nimeanza kuifikiria tangu jana."

Akacheka, akanipiga bega. Hakuelewa kitu, au alikuwa anajua sana kujifanya. Usiku ule nililala nimegeukia ukuta, nimempa mgongo Baba Tariro, naye hakujua kama amepewa mgongo.

Jumapili nilimwacha atangulie. Tariro alikuwa amelala kwa bibi yake. Nilipofika nusu ya kilima ndipo nilipogundua nimeshika mwiko wa ugali, sijui niliuchukua saa ngapi. Sikuutupa.

Nikasimama nyuma ya mti. Mai Chenge hakusema uongo: makubazi ya mume wangu, na viatu vya kike, vinagusana. Nikatafuta mwenye navyo nyuma ya jiwe kubwa, kwenye majani, juu ya mti hata. Hapakuwa na mtu. Alikuwepo Baba Tariro peke yake katikati ya duara, amepiga magoti, kichwa amekiinamisha upande, kama anayesimuliwa kitu na mtu asiyetaka wengine wasikie. Uso wake ulikuwa umelegea. Uso ule nilikuwa nimeuona mara ya mwisho mwaka aliokuja kwetu kuposa, nilipokuwa nikimsimulia visa vya enzi zangu za darasa la saba, nani alipigwa, nani alianguka mtoni, naye kila nikinyamaza ananiambia, "Kisha?"

Nilikuwa nimekuja kupigana na Eneresi. Ningemshukuru kama angekuwepo.

Ndipo nikavitazama vile viatu vizuri. Vilikuwa vyangu. Vile nilivyokuja navyo siku ya kuolewa, ambavyo miguu ilipovimba nilivitia katika gunia la nguo kuukuu nikavisahau.

Sikumbuki kuvua nilivyovaa. Najua sikuvua, kwa sababu niliingia ndani ya duara kwa mateke, jiwe moja likabingirika, na Baba Tariro alipofumbua macho alitazama miguu yangu kwanza, uso wangu baadaye.

"Shuvai!" akaniita kwa jina langu. "Viatu!"

"Vipi? Hivi nilivyovaa, au vile ulivyoniibia?"

Akatazama mwiko. Akatazama nje ya mawe. Yeye si mtu wa maneno.

"Mzee alisema," akaanza, "asiyeweza kuja, kiletwe kitu chake. Nikaona nilete miguu yako. Ili na wewe uwepo."

"Nani alikwambia siwezi kuja? Uliniuliza?"

"Ulikuwa umelala."

"Miezi mitatu nimelala? Miezi mitatu viatu vyangu vinakaa na Mungu, mimi nachemsha chai?"

"Usipige kelele hapa, tafadhali."

"Na amekwambia nini?"

"Nani?"

"Huyo unayemsikiliza!"

Akafikiri. Hajui kusema uongo, hilo nampa. "Bado hajasema kitu," akasema. "Naendelea kusikiliza."

"Miezi mitatu mtu hajakwambia neno moja, na unamwamkia gizani kumsikiliza! Mimi nasema kila siku, Baba Tariro. Nasema asubuhi, nasema jioni. Nimekwambia ng'ombe ameolewa Harare!"

"Ng'ombe gani?"

Nilitaka kucheka, yakatoka machozi. Jua lilikuwa limeanza kuchomoza, na kanzu yake ikawa nyeupe mpaka sikuweza kuitazama. Nikavua viatu mguuni kwangu, nikavitupa nje ya mawe, nikapiga magoti mbele yake pale pale. Nikamwita kwa jina la ukoo wake, kama mke anavyomwita mume akiwa na shida ya kweli.

"Shumba," nikasema, na sauti nimeishusha. "Sikuambii uache. Lakini siku moja katika wiki, asubuhi moja, usije huku. Kaa na mimi jikoni, umenyamaza hivi hivi, kichwa umekiinamisha hivi, na uso huo huo. Nami nitasema. Nusu saa. Nakuomba."

Alinisikia, kwa sababu mikono yake, iliyokuwa ikikung'uta vumbi la kanzu, iliacha kusogea. Kisha akanyanyuka, akalifuata lile jiwe nililolipiga teke, akalifuta vumbi kwa pindo la kanzu, akalirudisha mahali pake. Akaligeuza kidogo, likakaa sawa na wenzake. Nilibaki magotini, namtazama mgongo, nikisubiri jibu.