Khitma ya Mwasisi wa Mawe Mema

Kampuni ya Mawe Mema, kubwa kupita zote za kuchimba mchanga na mawe kisiwani kwetu, ilipotimiza miaka thelathini iliamua kuwa na historia. Mpaka hapo ilikuwa na mashimo tu. Mimi, Abdulrazak, afisa uhusiano wa makao makuu pale Shangani, nikapewa kazi ya kuiandika.

Historia yenyewe ni fupi. Mzee Machano aliianzisha kwa gari la ng'ombe na makoleo ya kuazima. Alipokwenda Makka kuhiji, makamu wake Masoud akaitisha kikao, na Mzee akarudi Alhaji asiye na ofisi. Masoud naye alipochoka akamwachia kiti mkwewe, Talib, ambaye hajawahi kushika koleo ila siku ya kupigwa picha.

Nilipomwuliza Talib habari za Kiwengwa, akakunja uso. Huko ndiko liliko shimo letu la mwanzo. Tulichota mchanga tukajengea hoteli za Kendwa na Paje, tukaenda zetu. Mzee Machano aliwaahidi wanakijiji, mbele ya msikiti wao, kwamba kampuni italifukia. Halikufukiwa. Kila masika ukingo unameguka, na masika yaliyopita ulikwenda na jiko la Bi Kazija. Sasa nyufa zimefika chumba anacholala na wajukuu zake.

"Ahadi katoa Machano," alisema Talib, "na Machano kashakufa."

"Nani kakwambia kafa, bosi?"

"Mwasisi mzima akae miaka yote hii asije kumwombea mwanawe kazi? Kafa huyo."

Hoja nzito kama hiyo nikaiandika daftarini. Basi akabuni jambo aliloliona la akili kupindukia: kampuni imsomee Mzee khitma, tena huko huko Kiwengwa. Kwetu, maiti akiombewa, watu hutakiwa wamsamehe alilowakosea, nao kwa adabu hujibu, "Tumemsamehe." Nani atamkatalia marehemu na pilau linanukia? Wakishasema hivyo, ahadi imekwisha, na kamera imerekodi.

Nikaagizwa nialike watu. Nikaalika. Bosi hakusema nani nisimwalike.

Siku ilipofika, turubai lilifungwa mbali na shimo, picha zisije zikaharibika. Ng'ombe alichinjwa, ubani ukafukizwa, wanawake wakakaa upande wao nyuma ya pazia. Talib, ndani ya kanzu mpya, alilia kidogo, na haki ya Mungu alilia vizuri. Baada ya kisomo mwalimu aliyekiongoza akasema, "Jamani, marehemu Machano alikuwa binadamu. Aliyekosewa naye amsamehe."

"Msinisamehe!"

Mzee mmoja mwenye kofia ya kiua alisimama katikati ya wazee wenzake, akiegemea bakora. "Mie ndiye Machano. Nnakaa Fuoni, sijafa."

Sijapata kuona mtu akisikitika hivyo kwa sababu maiti wake ni mzima. Nilifurahi, sitaficha.

"Nliahidi kwa niaba ya kampuni," Mzee akaendelea, "na kampuni naiona hii hapa, imenenepa. Lifukieni shimo la watu."

Mwalimu akafunika msahafu wake taratibu. Talib akanyakua kipaza sauti. Cheo hakipatikani kwa kukata tamaa upesi.

"Alhamdulillahi kwa uhai wa Mzee wetu!" alisema. "Lakini kusamehe ni jambo jema hata kwa aliye hai. Tusameheane sote, yaishe. Bi Kazija, mama yangu, wewe ndiye mkubwa hapa. Sema basi, watu wasikie."

Pazia likasogea. Bi Kazija akatoka, akamtazama kwanza Mzee Machano.

"Huyu nimemsamehe. Kaja kwa miguu yake, kasema kweli."

Kisha akamgeukia Talib, na kamera ikamgeukia pamoja naye.

"Wewe lete kifusi. Msamaha, mwanangu, ngojea khitma yako."