Trekta la Kupiga Magoti

Kiwanda cha Oldroyd, pale Skelby kaskazini mwa Uingereza, kilitoa matrekta ya aina tatu kabla hakijafa. La kwanza liliitwa Baroni. Lilikuwa zito, lenye sura mbaya, na halikuharibika; hilo ndilo likawa kosa lake, maana aliyenunua Baroni hakurudi tena dukani. Likafuata Dyuki, ambalo lilikuwa Baroni lile lile limepakwa rangi ya kijani. Mwisho likaja Askofu.

Aliyelibuni Askofu ni Clifford Hebblethwaite. Wakubwa walimwambia apunguze chuma, naye kwa uchu wa cheo akapunguza kuliko alivyoambiwa, hasa kwenye ekseli ya mbele, chuma kinachobeba magurudumu. Trekta likishuka mteremko na plau nyuma, ekseli inakatika, pua inazama udongoni. Wakulima wakasema jina limelifaa, hupiga magoti popote imani inapolijia. Kiwanda kikafungwa. Clifford akaishia kuuza mashine za kukatia nyasi. Shemeji yake Stanley, aliyenunua Askofu kwa ajili ya undugu tu, alipoteza viazi vya msimu mzima, na tangu hapo hakumsemesha.

Miaka ikapita, Clifford akazeeka na aibu yake. Ndipo akaalikwa kwenye tamasha la matrekta ya kale. Enid, mkewe, akaendesha gari, chai ikiwa kwenye chupa na mikate iliyotiwa matango mapajani mwa mzee.

Mwenyekiti wa tamasha, Nigel Postlethwaite, alikuwa daktari wa meno. Askofu lake jekundu lilimetameta kuliko meno ya mgonjwa wake yeyote, na maishani mwake halijagusa tope.

"Mzee Hebblethwaite," alisema Nigel mbele ya umati, "tuambie siri ya uzuri huu."

Clifford alishika kipaza sauti kwa mikono miwili. Neno hili alikuwa amelibeba muda mrefu. "Hakuna siri," akasema. "Hili trekta ni takataka. Niliichezea ekseli, na watu wakaumia."

Umati ukacheka, kisha ukapiga makofi. Mama mmoja akafuta machozi.

"Mnaona unyenyekevu huo?" Nigel akasema. "Wakubwa wa kweli ndivyo walivyo."

"Nasema kweli, bwana. Linavunjika."

"Ndiyo maana yamebaki machache, mzee wangu. Ndiyo thamani yake."

Wakamvisha nishani. Wakamletea bia, halafu keki, halafu vijitabu atie saini. Kwenye hema la kwanza Clifford alitia saini huku akiona haya. Kwenye la pili alikuwa anaeleza jinsi wazo lilivyomjia. Kufika la tatu, Enid alimsikia akisema kwamba ekseli ile ilitangulia wakati wake, na kwamba tatizo lilikuwa vilima.

"Vilima?" Enid akamuuliza garini.

"Na uendeshaji. Wakulima wa siku zile walikuwa wazito wa mikono."

"Haya. Basi twende ukamwambie Stanley alikuwa mzito wa mikono."

"Enid, usinifanyie hivyo."

"Mimi nakupeleka tu, mpenzi. Maneno ni yako."

Akakata kona kuelekea shambani kwa kaka yake. Stanley alifungua mlango akiwa na soksi, akamtazama dada yake, akaitazama nishani.

"Hiyo umepewa ya nini?"

"Ya Askofu," Clifford akajibu.

Stanley alitafuna hasira ya miaka mingi. "Wapo watu wanaolipenda?"

"Wengi. Wanalipenda mno."

"Basi waambie langu liko nyuma ya banda la nguruwe, kuku wanatagia humo. Waje kulibeba. Mimi nimeshaliburuta vya kutosha."

Hapo ndipo Clifford angeweza kuomba msamaha. Enid alimwona akifungua mdomo, na kwa dakika hiyo akamsamehe mapema.

"Rangi yake," Clifford akauliza, "bado ni ile ya kiwandani?"

Stanley akamsogeza dada yake ndani kwa upole, akafunga mlango. Enid alipoketi mezani na kumiminiwa chai, alimwona mumewe kupitia dirisha akizunguka banda la nguruwe, akifukuza kuku mmoja mmoja, huku ameishika nishani isije ikachafuka.