Tisini na Nne

Mimi nikipima laini ya mtandao sitaki mtu aniongeleshe. Mdogo wangu analijua hilo tangu tulipokuwa tunalala kitanda kimoja, lakini asubuhi ile ya Jumatatu alisimama nyuma ya kiti changu, mikono kiunoni, akinipumulia kisogoni.

"Imefika ngapi, dada?"

"Itafika ukikaa."

Akakaa. Akainuka tena. Wala sikumlaumu. Yeye ni daktari wa kusoma picha: wagonjwa wanapigwa picha za kifua na kichwa hospitalini, yeye anaziangalia kwenye kompyuta na kuandika alichokiona. Kazi hiyo unaweza kuifanyia popote, mradi picha zikufikie. Hospitali yake iko mbali, mwendo wa saa sita kwa basi, na ilishakubali madaktari wasomee nyumbani kwa sharti moja tu: faili la majaribio la giga tatu litoke kule litue nyumbani kwa daktari chini ya dakika moja. Likichelewa, unarudi kukaa huko huko. Na mdogo wangu ana binti wa miaka miwili na ushei, tunamwita Bibie kwa jinsi anavyotuamrisha, ambaye analala kwangu wiki nzima na kumwona mama yake Jumamosi na Jumapili. Baba mtoto yuko alikojipeleka, na akae huko.

Basi hilo ndilo tulilokuwa tunalipigania. Faili likitua kwa wakati, mama anabaki na mwanawe kuanzia Jumatatu ile ile. Lisipotua, kuna basi la saa nane mchana.

Kampuni mpya ilikuwa imetuvutia faiba wiki iliyopita. Giga moja, yaani mega elfu moja kwa sekunde, wameandika kwenye karatasi kwa herufi kubwa. Nimefanya kazi ya nyaya miaka ishirini na mbili, na namba za kwenye karatasi nazipokea kama ninavyopokea salamu za mgombea. Nikazima wai-fai, kwa sababu anayepima giga kwa wai-fai anajichezea shere mwenyewe. Nikachomeka kompyuta kwenye ruta kwa kebo mpya kabisa, nikafunga kila kitu kinachonyonya mtandao, hata simu za watu, nikafungua tovuti ya kupimia.

Mia tisa arobaini na moja.

"Mbona haifiki elfu?" mdogo wangu akauliza.

"Hiyo ndiyo elfu yenyewe. Ukipima gunia la mahindi, si gunia nalo lina uzito wake? Kaa chini."

Safari hii alikaa na kutabasamu. Mimi sikutabasamu, kwa sababu mwaka jana, mwezi kama ule, tulikaa meza hiyo hiyo na laini ya kampuni nyingine, tovuti ikatuonyesha namba nzuri vile vile, halafu faili la hospitali likatambaa dakika nne na robo. Kasi mega tisini na nne. Nilimpandishia mori yule mama wa kampuni aliyekuja kutufungia. Nilimwambia wanaipendelea tovuti ya kupimia ili watudanganye, kisha laini halisi wanaibana. Nilimwita mwizi mbele ya majirani. Yule mama akala yamini kwamba laini yake ni nzima, nikamwambia akaape kwao. Mdogo wangu akapanda basi.

Nikapiga simu hospitalini, nikaweka sauti kubwa. Aliyepokea ni mtu wao wa kompyuta, tunamwita Bwana Mitambo, mpole kupita kiasi, haongei mpaka ameshafikiri mara mbili.

"Habari za asubuhi, fundi. Daktari yupo?"

"Nipo," mdogo wangu akadakia.

"Basi narusha. Moja, mbili, tatu."

Mstari wa kuonyesha faili linavyoingia ukaanza kusogea kiooni. Nikaangalia kasi. Tisini na nne. Si tisini na mbili, si mia. Tisini na nne, imetulia tuli.

Mdogo wangu alifumba macho. Huko uani Bibie alikuwa anamgombeza paka.

"Dakika nne na sekunde kumi na tano," Bwana Mitambo akasema mwishoni, kwa sauti ya mtu anayetoa pole. "Daktari, mimi ningependa, lakini..."

"Subiri," nikamkata. "Usiandike kitu. Nipe dakika kumi."

Nikabadilisha kebo. Tisini na nne. Nikachukua kompyuta ya mdogo wangu badala ya yangu. Tisini na nne. Nilitaka kuitukana kampuni, na tusi lilikuwa limeshafika mdomoni, ndipo nikajiuliza swali ambalo nilipaswa kujiuliza mwaka mzima uliopita. Kampuni mbili tofauti, nguzo tofauti, ruta tofauti. Watu wawili wasiojuana watabanaje laini kwenye namba moja ile ile?

Tena mimi naijua tisini na nne. Kila fundi wa nyaya anaijua. Kebo ya mtandao ina nyaya nane ndani yake. Zikifanya kazi zote nane, unapata giga. Zikifanya kazi nne tu, mashine hazilalamiki, zinaelewana kimya kimya kwa mia moja, na hiyo mia ukiipima inasoma tisini na nne. Kwa hiyo mahali fulani kati yetu na lile faili kulikuwa na kebo yenye nyaya nne. Kwangu haikuwepo, maana tovuti ilishasoma mia tisa.

"Bwana Mitambo, hiyo mashine inayorusha faili umeichomeka wapi?"

"Ukutani, fundi. Kwenye soketi ya nyuma ya kabati. Imekuwa hapo siku zote."

"Imeandikwaje?"

Nikasikia kabati likikwaruza sakafu. "Imeandikwa saba A. Ya pembeni yake saba B. Wino mwekundu. Hii saba imekatwa tumboni kwa mstari."

Lo! Saba yangu. Mimi ndiye ninayekata saba tumboni, na kalamu nyekundu ndiyo ninayotembea nayo mpaka leo.

Miaka tisa iliyopita ndimi niliyevuta nyaya za chumba kile. Dari ilikuwa chini, joto kali, wakataka soketi ya pili wakati nimeshateremka ngazi na kufunga begi. Sikurudi juu. Nilichukua kebo moja nikaigawa, nyaya nne huku, nne kule, nikapata soketi mbili kwa kebo moja. Siku zile mtandao wao wote haukufika hata mega kumi, nani angejua? Nilijiona mjanja, nikaenda zangu nyumbani.

Nikasema, "Chomoa hapo. Tafuta kebo ndefu, ichomeke mashine moja kwa moja kwenye swichi, kile kisanduku kinachogawa mtandao, usipitie ukutani."

Alichukua dakika chache. Mdogo wangu alikuwa amenishika bega, na kucha zake nilizisikia.

"Haya. Moja, mbili, tatu."

Mstari uliruka. Hatukupata hata nafasi ya kupumua vizuri. Sekunde ishirini na saba.

Mdogo wangu alipiga ukelele mpaka Bibie akaja mbio kuuliza nani kaanguka. Akambeba, akamzungusha, akambusu shingoni. Bwana Mitambo naye alikuwa anacheka kwenye simu, na mimi nikacheka pia, Mungu anisamehe, kicheko cha kuazima.

"Ngoja nifungue hii soketi nione," akasema. Tukasikia bisibisi. Halafu Bwana Mitambo, ambaye sijawahi kumsikia akitamka neno baya, akasema, "Alaa! Ni mshenzi gani aliyefunga hivi? Kaipasua kebo katikati!"

"Huyo alikuwa fundi au kinyozi?" mdogo wangu akaitikia, machozi ya furaha bado yako mashavuni. "Dada, unasikia? Ndio wale unaowasemaga kila siku."

Nilikuwa nasikia. Ningeweza kunyamaza. Saba iliyokatwa tumbo haina jina wala sura, na karatasi za kazi ile zilishaliwa na panya zamani. Nilimwangalia alivyomkumbatia mtoto, nikaona nikinyamaza sasa, kila nitakapokaa naye nitakuwa nanyamaza tena.

"Ni mimi," nikasema.

"Ni wewe nini?"

"Huyo mshenzi. Nilizifunga mimi. Nilichoka, nikaona uvivu kurudi darini."

Bwana Mitambo alikohoa. "Fundi, unatania."

"Sitanii."

Bila shaka alifikiri mara mbili kama kawaida yake. "Kuna madaktari wengine watatu niliowakatalia kwa kutumia mashine hii," akasema taratibu. "Nilidhani laini zao ni mbovu."

"Nitumie namba zao. Nitawapigia mwenyewe, mmoja mmoja. Na yule mama wa kampuni ya kwanza pia nitamtafuta."

"Sawa. Daktari, umefaulu. Kazi za leo nakutumia mchana." Akakata, kwa adabu.

Mdogo wangu alimteremsha Bibie, akamwambia akacheze. Mimi nilijikaza nisubiri matusi. Ningeyapokea yote, na ningeongeza mengine aliyoyasahau. Nilijichukia vibaya sana saa ile, na nilimwogopa, mimi niliyemfundisha kufunga kamba za viatu.

Hakutukana. Aliuliza, "Bibie alianza kutembea siku gani?"

Jibu la swali hilo ukoo mzima unalijua. Jumamosi, si muda mrefu baada ya lile basi la mwaka jana. Mama mtu alikuwa ndiyo kwanza ametua begi, mtoto akamfuata kwa miguu yake, mama akalia, akawapigia simu watu wote.

"Jumamosi. Si ulikuwepo?"

"Dada."

Nikaangalia kioo cha kompyuta. Hakikuwa na cha kunisaidia.

"Jumatano," nikasema. "Nilimkataza kila mtu asikwambie. Nilitaka uone ni mara ya kwanza."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyelijua hilo siku nyingi. Machozi yalimtoka, lakini haya hayakuwa yale ya mwanzo.

"Saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi. Nilikuwa namenya viazi pale."

"Alitoka wapi kwenda wapi?"

"Kwenye kochi mpaka mezani. Hatua nne. Ya tano akaanguka, akacheka."

"Nionyeshe," akasema.

Meza ilikuwa imesogezwa kwa ajili ya kompyuta. Nikachomoa kebo, nikairudisha meza mahali pake pa zamani, nikamwonyesha alipoanzia na alipoangukia.