Mvua ya Ghorofa ya Pili

Mimi mtu akiniambia mvua ni mvua tu, namtazama mara mbili. Bosi wangu Phineas alitoka bara na imani hiyo. Tulikuwa tunatengeneza mchezo wa kompyuta ambao mchezaji anajijengea mji wake ufukweni apendavyo, na mvua aliyoiweka yeye ilinyesha kila siku saa kumi jioni, kwa adabu zake, kisha ikaondoka. Nikamuuliza, "Hii ni mvua ya wapi?"

"Basi Nyamvula, weka yako," akasema. "Lakini ikae kama ya kweli. Wafadhili wanakuja Ijumaa. Wakiipenda, nakuandika kazi miaka miwili."

Miaka miwili! Mwanamke wa miaka ishirini na tisa, nalala kwenye kochi la kaka yangu mtaani Ziwa la Ng'ombe, wageni wake wakija nahamia jikoni. Kazi ile niliitaka mpaka usingizi ukanipaa.

Nikaenda Mwakirunge kwa shangazi Kafedha, maana ana shamba na ana mdomo. Shikamoo, marahaba, nikamwekea kompyuta mapajani. Akaitazama mvua ya Phineas, akafyonya.

"Hii inamwagilia maua. Kumbikumbi wako wapi?"

Nikaandika: kumbikumbi.

"Na mbona inanyesha kote kote? Juzi ilimnyeshea jirani, mimi nikaambulia upepo."

Nikaandika na hilo. Jioni mvua yenyewe ikaja, nikarekodi inavyopiga bati lake, naye akawa anawakemea kuku wanyamaze. Kesho yake niko mlangoni na begi langu, akaniita.

"We! Watu wako wananyeshewa na taa zao zinawaka? Umeyaona wapi hayo?"

Jamani, kweli. Kwetu matone mawili yakianguka, stima zimeshakwenda. Nikakaa chini tena, nikaweka: wingu, upepo, matone mawili, mji mzima giza. Shangazi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa leso.

"Ehee!" akasema. "Sasa hapo ni kwetu."

Ijumaa wakaja ofisini Nyali, ghorofa ya pili, wafadhili saba, wote watu wa hapa hapa pwani. Phineas alizima taa, akafunga mapazia ili picha ionekane vizuri ukutani. Mkubwa wao, mzee Mwarandu, akacheza mwenyewe. Akajenga nyumba, akajenga soko, wenzake wakamshangilia kama watoto. Kwenye mchezo usiku ukaingia, taa za soko zikawaka. Upepo ukavuma kwenye spika, matone mawili yakapiga bati. Ukuta ukawa mweusi tii.

Nikatabasamu gizani nikingoja makofi.

"Stima zimekwenda," akasema Mwarandu, wala hakushangaa. Nikasikia viti vinaburutwa.

"La, mzee, ni mchezo! Ndiyo mvua yenyewe hiyo!"

"Tunaisikia, mwanangu," mama mmoja akanijibu kwa upole, anatafuta mkoba wake kwa kupapasa. "Ndiyo maana tunawahi. Hii si ya kungojwa."

Feni ilikuwa inazunguka juu ya vichwa vyao! Nikawa naionyesha kwa kidole, mjinga mimi, kwenye kiza. Mwarandu akanipiga piga begani, akasema kazi nzuri, inshallah tutakutana stima zikirudi. Wakashuka ngazi, wakakuta jua kali na lami kavu kama kaango. Unadhani walirudi? Mzee alitazama juu akasema, "Imepiga upande ule," akapanda gari.

Phineas naye alikuwa ameshakimbilia chini kwa bawabu kuangalia fyuzi. Aliporudi nikafungua pazia, nikamwonyesha feni. Akakaa kitako.

"Nyamvula, hii mvua imeweza," akasema. "Haki, sijaona mvua kama hii."

"Basi wapigie simu uwaambie."

"Niwaambie nini? Kwamba wazee wazima na suti zao wamekimbia mvua ya katuni?"

Hakuwaambia. Na mimi, nikisema kweli, nisingeweza kumwambia mzee Mwarandu neno hilo usoni. Nililia chooni, nikanawa, nikarudi kazini.

Jumatatu ikaja barua ya heshima. Mchezo wameupenda, hasa lile soko. Pesa watatoa. Ila wamesikitika kuona ofisi ya kompyuta haina jenereta, na wanaomba hilo litangulie mengine yote. Phineas akapiga hesabu yake kimya kimya, akanunua jenereta kwa fungu la mshahara wangu wa miaka miwili.

Nilirudisha ufunguo wa ofisi siku jenereta ilipoletwa. Mafundi wanne walikuwa wameibeba, wanahema, mikono imejaa, wakaniomba niwashikie mlango. Nikawashikia.