Majina ya Wafumaji wa Sandrandahy

Tovuti ya wafumaji wa hariri wa Sandrandahy, mji mdogo wa nyanda za juu, niliipamba mimi, kwa hiyo lawama zake ni zangu. Ofisi yetu iko Isoraka, hapa Antananarivo, juu ya duka la miwani. Tuko wawili tu: mimi, Haingo, na bosi wangu Solofo, ambaye kazi yake ni kutafuta wateja na kusema "safi" au "rudia".

Ushirika wao una wafumaji thelathini na mmoja, wote wanawake. Walitaka kila mmoja awe na kisanduku chake kwenye ukurasa: picha, jina, na aina ya kitambaa anachofuma. Majina yalichelewa kuletwa, nami sikusubiri. Nilijaza jina la kubuni, "Lala Rabe", mara thelathini na moja. Visanduku vikakaa vitatu vitatu, pembe zimeviringishwa kidogo, kivuli chepesi chini yake. Solofo akasema safi.

Majina yenyewe yalipofika, ukurasa ulivurugika. Razafindramanana alitoka kwenye kisanduku chake akaingia kwa jirani. Nikafanya kama nilivyofundishwa: kwenye faili la CSS, lile linaloamua sura ya ukurasa, niliandika kwamba herufi zinazozidi zifichwe na mahali pa kukatia paonekane vitone vitatu. Haikuchukua hata dakika. Kila kitu kikarudi kwenye mstari, nikaenda kula.

Wiki tano baadaye akaingia mama mmoja aliyejitanda shali la hariri ya kahawia. Nilimwonyesha kiti, hakukitazama. Aliweka simu yake mezani kwangu.

"Wewe ndiye Haingo?"

"Ndiyo, mama. Karibu ukae."

"Nitakaa baadaye. Nisomee hapa kwanza, chini ya picha yangu."

"Razafindra…" nikasoma, nikakwama. Kwetu jina linaloanza hivyo maana yake ni "mjukuu wa" fulani.

"Endelea."

"Imeishia hapo, mama."

"Imeishia hapo! Mjukuu wa… wa nani? Babu yangu aliitwa Ramanana, mtu mzima, na sauti yake ilisikika mpaka ng'ambo ya bonde. Wewe umenifanya mjukuu wa vitone?"

Solofo akaangua kicheko mezani kwake. Mama akamgeukia. "Na wewe, baba, unacheka nini? Si ndiye mkubwa wake wewe?" Solofo akakumbuka kwamba kuna mtu anamsubiri mjini, akachukua koti.

Mama alikuwa katibu wa ushirika, na hakuwa amesafiri kutoka Sandrandahy kwa ajili ya babu yake peke yake. Wafumaji saba pale majina yao yanaanza hivyo hivyo, na kwenye ukurasa wangu wote saba walikuwa Razafindra na vitone. Mfanyabiashara mmoja wa Toamasina alipenda kazi ya Razafindrazaka, akaandika: namtaka Razafindra anifumie shali. Aliyepokea ujumbe akampa Razafindratovo, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. Ilipokuja kugundulika ni nani hasa aliyetakiwa, nyuzi zilikuwa zimeshatiwa rangi.

"Sasa hawasalimiani," mama alisema. "Wanakaa benchi moja kanisani, lakini hawasalimiani."

Niliona haya. Jina langu la ukoo lina herufi kumi na saba, na nilipokuwa shule mwalimu alikuwa akilikata katikati. Nilikuwa nikichukia.

Nilianza kwa kupunguza ukubwa wa herufi. Mama akainama juu ya kioo. "Hii atasoma nani? Chawa?"

Nikaruhusu jina livunjike popote nafasi inapokwisha. Likatoka *Razafindram*, na chini yake *anana*.

"Umenivunja mguu sasa."

Kivinjari kinajua pa kugawa maneno ya Kifaransa, ya kwetu hakijui. Basi nikamwomba anisomee majina polepole. Akakaa hatimaye, akavaa miwani. "Razafi," akasema, akavuta pumzi, "ndramanana." Kila alipovuta pumzi niliweka alama isiyoonekana, inayogeuka kistari pale tu nafasi inapobana. Kisha nikafuta upana niliokuwa nimeviwekea visanduku, nikaamuru kila kimoja kisipungue kipimo fulani lakini kitanuke kadiri ya kioo. Majina thelathini na moja yalituchukua mchana mzima. Katikati tuliagiza wali na kisamvu cha nyama ya nguruwe, akanilalamikia kwamba sisi wa Antananarivo hatujui kutwanga kisamvu.

Jioni Solofo alirudi, akasimama nyuma yangu. Visanduku vingine vilikuwa virefu, vingine vifupi.

"Vimekuwa kama meno yenye mapengo," akasema. "Rudia."

"Sirudii."

Sikuwahi kumjibu hivyo. Mama alikuwa anakunja miwani yake taratibu.

Solofo aliutazama ukurasa kwa muda. "Basi angalau picha zilingane kimo. Hizi zinapanda na kushuka, jicho linachoka."

Hapo alikuwa na haki. Nikazipa picha kimo kimoja, ukurasa ukatulia, na majina yakabaki mazima.

Miezi miwili baadaye mama alinipigia simu. Razafindratovo alilimaliza lile shali, na mfanyabiashara akalichukua bila ubishi. Razafindrazaka alifuma hasira tu, kama mama alivyosema, kwa sababu mteja hakuandika tena.

"Wanasalimiana?" nikauliza.

"Mmoja anasalimia," mama akasema. "Mwingine bado anafikiria."