Beringi za Zamani

Miguu ya Rispah tu ndiyo iliyokuwa ikionekana. Sehemu yake iliyobaki, pamoja na baibui alilolikusanya kiunoni, ilikuwa chini ya karavani yetu, katikati ya gereji iliyojaa wanaume, nami nilikuwa nimesimama na kikombe cha kahawa mkononi nikiomba ardhi ipasuke inimeze.

"Bwana Soud," alisema Faris, mwenye gereji, "huyu mfanyakazi wako kumbe mhandisi? Basi ungelituambia mapema, tukampa kazi."

Mafundi wake wakacheka. Na mimi nikacheka. Katika mambo yote ya safari ile, kicheko changu hicho ndicho kinachonichoma hadi leo.

Karavani ile ni kijumba cha magurudumu mawili, kitanda, jiko dogo na dirisha, tunachokikokota nyuma ya gari tukienda jangwani msimu wa baridi. Safari hii haikuwa ya matembezi. Mama mdogo Zeinab, ndugu wa pekee wa mama yangu, alikuwa Jedda akingoja kupasuliwa moyo siku ya Jumapili, na madaktari hawakuwaficha wanawe kwamba huenda asiamke. Mama na ndugu yake walikuwa hawajasemezana miaka kumi na mmoja. Mume wa Zeinab alipofariki, mama hakwenda matangani, kwa sababu ya neno lililosemwa kwenye harusi moja ya ukoo ambalo leo hakuna anayelikumbuka sawasawa. Sasa alitaka kwenda kumtaka radhi, uso kwa uso, kabla ya kisu.

Ningempeleka kwa ndege tukafika kabla ya chai kupoa. Lakini mama alikuwa ametoka kuugua donge la damu pafuni. Daktari alimkataza ndege, na akasema hata garini asikae zaidi ya saa moja bila kulala akanyoosha miguu. Kutoka kwetu Malaz, Riyadh, hadi Jedda ni kilomita mia tisa na ushei. Bila kitanda cha karavani, mama hafiki.

Tatizo ni kwamba magurudumu yalikuwa yakivuma, ishara kwamba beringi, zile pete za gololi zinazolizungusha gurudumu, zimekufa. Nikapeleka kwa Faris. Kwa nini kwa Faris, na Riyadh ina gereji mia? Kwa sababu mama yake ni mtu wa Mkunazini, na Kiswahili anakisema kama sisi. Siku ya kwanza alinikalisha, akaniletea kahawa na haluwa, tukatajiana mitaa ya Unguja ambamo yeye wala mimi hatukuzaliwa. Kuanzia hapo nilikwisha. Wiki tano nilikwenda na kurudi, na kila nikienda ni kahawa, haluwa, na "inshallah keshokutwa, shekhe wangu." Ningewezaje kumwambia fungua gurudumu nione? Mtu umekula chakula chake, anakwita ndugu, halafu umkague kama mwizi! Sisi watu wa kwetu tuna ugonjwa huo, unaitwa muhali. Mtu yuko radhi aumie yeye kuliko kumtia mwenzake haya. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nasi tunalirudia kila siku na bado tunaficha.

Rispah hakuwa na ugonjwa huo. Ni Mkenya, mtu wa Eldoret, mwaka wa tatu akiishi nasi na kumwangalia mama. Kabla ya kuja Saudia alifanya kazi miaka sita katika gereji ya malori ya kaka yake, Bonface. Tulikuwa tukilijua hilo kama kichekesho cha nyumbani. Alhamisi hiyo tulikuja kuichukua karavani tuanze safari, mama akingoja garini, na Rispah akaingia chini yake bila kuniuliza.

Alitoka chini akiwa na vumbi hadi kwenye nyusi.

"Bosi, hii kitu haijafunguliwa," alisema. "Nati ziko na kutu, hata spana haijagusa. Grisi imekauka imekuwa kama udongo. Wameosha tu nje na kupiga rangi."

"Wallahi tumebadilisha," alisema Faris, akiweka mkono kifuani. "Beringi mpya, za Kijapani."

"Basi za zamani ziko wapi?" Rispah aliuliza. "Kwetu fundi akikubadilishia spea anakupatia ile ya zamani uione. Hiyo ndiyo heshima ya kazi."

"Tumezitupa."

"Zimetupwa wapi? Nitaenda kuangalia."

Uso wa Faris ulibadilika. Hakumtazama yeye, alinitazama mimi. "Soud, miye nishakuapia kwa Mungu. Sasa kama neno la mfanyakazi linashinda kiapo changu, sema."

Haya yakanipanda hadi masikioni. "Rispah, halas, basi!" nilifoka. "Nenda ukakae garini na mama. Hapa si mahali pako."

Akaniangalia kidogo, akajipangusa mikono, akaenda. Nikamwomba Faris radhi, nikamalizia kahawa yake.

Tuliondoka Alhamisi ile ile asubuhi. Mama alikaa mbele akivuta tasbihi, Rispah nyuma. Saa moja baadaye nilisimama kwenye kituo cha mafuta ili mama akalale. Rispah alimshika mkono akampandisha karavanini, akamfunika miguu, kisha akashuka na kuinama kwenye gurudumu la kulia. Akalisogezea kiganja bila kuligusa.

"Bosi, kuja."

Nikaenda kwa hasira. Nikaweka mkono pale katikati ya gurudumu nikauondoa upesi, vidole vimeungua. Harufu ya chuma kilichoungua ilikuwa imeanza kupanda. Rispah alishika tairi kwa juu na kwa chini akalitikisa, nalo likacheza.

"Hii tairi ingetoka," alisema tu. "Labda saa moja ingine, labda mbili."

Nilisimama palepale nikafanya hesabu ambayo sitaki kuifanya tena. Saa moja, mbili. Mwendo wa kilomita mia na ishirini kwa saa, malori pande zote, na mbele huko mteremko wa milima ya Taifu. Nikauliza la kipumbavu: "Sasa tufanyeje?"

"Tafuta duka ya spea. Mimi naleta jeki."

Nyuma ya kituo palikuwa na maduka ya madereva wa malori. Msudani mmoja, mzee mpole, alizitazama namba alizonisomea Rispah kwa simu kutoka kwenye kibati cha karavani, akatoa beringi nne, mbili kwa kila gurudumu, na kopo la grisi. Niliporudi nilimkuta amekwishalinyanyua gurudumu. Alifanya kazi kwa saa tatu, magurudumu yote mawili, bila haraka, akinituma huku na huku: shika hapa, leta kitambaa, usiweke chini kwa mchanga, nimesema usiweke chini! Madereva walikusanyika kutazama. Safari hii hakuna aliyecheka, na mmoja alimletea chai.

Alipokwisha kuzichomoa zote nne alinitilia kiganjani, juu kabisa ile mbovu ya kulia. Gololi zake zilikuwa zimekuwa buluu kwa moto, mbili zimevunjika. Ilikuwa ya miaka mingi. Hakusema 'nilikwambia'. Ningependa angesema.

Simu yangu ikalia. Faris. "Vipi shekhe, safari njema? Mko salama?"

"Tuko salama," nikamwambia. "Faris, hukubadilisha kitu."

Akaanza kuapa.

"Usiape. Ninazo mkononi, zote nne. Miye nna mama yangu humu."

Kukawa kimya. Nilikuwa nimezoea kimya kama kile kukijaza mimi kwa maneno ya kumrahisishia mtu. Nikamwacha nacho, akakata simu mwenyewe.

Mama alikuwa ameamka, anatutazama kwa dirisha dogo la karavani. Nilipopanda kumjulia hali, akaniambia pole pole: "Nilikuona kule gereji, Soud. Ulicheka."

"Ilikuwa muhali, mama."

"Muhali ndio ulionikalisha Riyadh mwenzangu anazika mume," alisema. "Nilimwonea haya kumwendea kwanza. Miaka kumi na mmoja, mwanangu." Akageukia ukutani akalala.

Tulilala njiani kwenye kituo, tukaendelea, kila saa tukisimama. Kila tulipokaribia kusimama nilikuwa nikishikwa na hofu, na kila Rispah alipoweka kiganja kwenye gurudumu na kuitikia kwa kichwa kwamba ni baridi, nilimshukuru Mungu kwa sauti. Yeye nilikuwa sijamshukuru. Mtu huona wepesi kumshukuru Mungu kuliko anayelala chumba cha jirani.

Tulifika Aziziya, Jedda, Ijumaa alasiri. Wanawe Zeinab walitupokea kwa bashasha ya wasiwasi. Rispah, kwa mazoea ya nyumba zetu, alielekezwa mlango wa jikoni, naye akaufuata. Mimi nikamshika mama mkono hadi chumbani.

Zeinab alikuwa amelala juu ya mito mitatu, amepungua, macho yale yale. Mama hakungoja salamu. Alikaa ukingoni mwa kitanda akamshika mikono yote miwili.

"Zeinab, nimekuja kukutaka radhi. Nilikukosea siku ya msiba wako."

"Nishakusamehe zamani, dada," Zeinab alisema, machozi yakimtiririka hadi masikioni. "Nilikuwa naona muhali kukupigia simu."

Wakacheka wote wawili huku wakilia, wakashikana namna ambayo sikupata kuwaona. Nilisimama mlangoni na funguo za gari mkononi, moyo umenijaa shukrani.

"Na hali yako hii," Zeinab akauliza, akimpapasa dadake uso, "nani kakuleta?"

"Rispah," mama akajibu. "Aitwe huku."

Hakunitazama. Nami sikutaka anitazame. Niliziweka funguo juu ya meza nikashika ukumbi kuelekea jikoni.

Alikuwa kwenye sinki, amenipa mgongo, akijisugua grisi iliyoganda chini ya kucha.

"Rispah," nikasema, mbele ya wapishi na watoto wa nyumba ile. "Unaitwa chumbani. Lakini miye nna langu kwako kwanza: nimekuja kukutaka radhi."

Akafunga mfereji, akageuka.