Kidole Kimoja

Usingizini mwa Mwenyekiti mashine za kufumia nguo zilikuwa bado zinanguruma. Kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya ulimi na mkono wa kulia, kikamwachia kelele za kiwanda. Vumbi la pamba lilielea taratibu wodini, likatua juu ya shuka na juu ya nywele za mkewe aliyeketi kando ya kitanda. Au labda zile zilikuwa mvi tu.

Kule kiwandani hakuna aliyemsikia mwenzake, kwa hiyo wafumaji waliongea kwa mikono. Kwa mikono walisengenyana, wakamteta msimamizi naye kasimama papo hapo, hana habari. Hata uchumba wake na mke huyu ulipita mikononi. Alipokuja kuijua sauti ya mwanamke mwenyewe, maji alikwisha yavulia nguo.

Ishara moja ndiyo iliyompa uongozi: vidole vya shahada vya mikono miwili, kimoja kimenasa kwenye kingine. Pamoja. Siku alipoiinua juu, banda zima lilizima mashine, na tajiri akakubali kuweka madirisha aliyoyakataa miaka nenda miaka rudi. Chama cha wafanyakazi kikamchagua mwenyekiti. "Kidole kimoja hakivunji chawa," aliwaambia kila mkutano, hadi wakambandika jina la Kidole.

Mkewe yeye alibaki na ishara nyingine. Zamu ikiisha, Mwenyekiti alijigusa kifua, kisha akamwonyesha mlango: tangulia, nakuja. Mama wa watu akatangulia. Chakula kikapoa, watoto wakalala, wakakua, wakaoa na kuolewa, na mzee bado yuko njiani. Mkutano huzaa mkutano.

Sasa binti yao alikuwa amekuja kumchukua mama akakae kwake, mji wa mbali. Alisema baba hamtambui mtu tena, na mama anajimaliza bure kwenye kiti kile. Mama hakubisha. Aliinuka, akachukua mkoba wake.

Mwenyekiti aliyasikia yote, kwa mbali, kupitia ile pamba. Akaogopa, akaogopa hasa, kuliko siku askari walipozingira lango la kiwanda. Aliuita mkono wa kulia, haukuitika. Wa kushoto ukainuka peke yake, kidole kimekunjwa kama ndoano, kikaning'inia hewani bila mwenzake.

Muuguzi alieleza kwamba ni misuli tu inacheza, wagonjwa wengi huwa hivyo. Akavuta shuka aufunike ule mkono.

Mama, aliyekwisha fika mlangoni, akageuka. Alikitazama kile kidole kwa muda. Akarudi, akaweka mkoba sakafuni, akakunja kidole chake na kukinasa kwenye cha mumewe. Mashine zote zikazima.

"Kwani anasema nini, mama?" binti akauliza.

"Wewe tangulia, mwanangu," mama akamjibu, huku akikivuta kiti karibu. "Sisi tunakuja."